Jiwe la Pembe ya Nne

SURA YA SITA

Mke wa dereva alikuwa kwenye benchi la kituo tangu kabla ya wafagiaji kufika, mtoto wake amelala mapajani, kinywa wazi. Hakuwa akilia. Kilio kilimwishia jana. Kila askari aliyepita alimwinulia uso, na akiona si wa kumjibu aliurudisha sakafuni.

Sajini alipoingia, mwanamke aliinuka nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekunywa maji."

"Na huyu?"

"Huyu ananyonya tu, hana neno." Akamfuta mtoto udenda kwa kiganja. "Mama, wanasema leo anapelekwa mahakamani."

"Nani anasema?"

"Wote."

Sajini akamgusa bega akapita. Wenzake kituoni walimwita Bi Taratibu, kwa kuwa alitembea polepole, akauliza polepole, na hata hasira zake zilipanda kama maji ya kisima, mtu hazioni mpaka zimfike kiunoni. Jina hilo hakulikataa. Aliwahi kusema majina ya utani ni kama vumbi, ukilipangusa leo kesho limerudi.

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama, funguo mkononi.

"Faili la Babu Kiwanja nalitaka mezani alasiri. Mtuhumiwa tunaye, koleo lake lina damu, na ugomvi mtaa mzima umeushuhudia. Unatafuta nini tena, meno ya kuku?"

"Natafuta jiwe, afande."

"Jiwe gani?"

"La mpaka. Lililong'olewa."

"Muulize dereva alipolitupa."

"Nimemuuliza. Hajui."

"Na wewe ungekuwa yeye ungejua?" Mkuu akacheka peke yake, akatoka.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mtaa ule wa Viwanja Vipya ulipopimwa, kiwanja kimoja kikubwa kiliachwa katikati kiwe cha watu wote, ijengwe zahanati, na mahali patakaposalia watoto wachezee. Wapima wakapanda mawe kwenye pembe nne. Nyumba zikaota pande zote, zahanati haikuota. Kamati ya mtaa ikamweka mzee mmoja akilinde kiwanja kisiliwe, na kwa vile hakuwa na kazi nyingine wala nyumba nyingine isipokuwa kibanda chake pale pembeni, watu wakamwita Babu Kiwanja.

Siku mbili zilizopita, mchana kweupe, dalali mmoja aitwaye Asali alituma tingatinga likwangue nyasi za kiwanja, akidai amekinunua. Babu Kiwanja akalala chali mbele ya chuma. Watu wakajaa, mawe mikononi. Dereva akaruka akakimbia, akaacha tingatinga na kila kilichokuwemo. Kesho yake alfajiri mzee alikutwa amekufa kwenye pembe ya nne ya kiwanja, kichwa kimepasuka, koleo la dereva kando yake. Jiwe la pembe ile halikuwepo, pamebaki shimo. Na siku ile ile wapima wa serikali walikuwa waje kuhakiki mipaka ili ujenzi wa zahanati uanze. Walifika, wakasikia, wakageuza gari. Penye mzozo hawapimi.

Aliyeukuta mwili ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa, karani mstaafu wa posta, mtu aliyezunguka ofisi za watu miaka yote akiidai zahanati ile. Maelezo yake yalikuwa mafupi na safi kama hati yake. Mara ya mwisho kumwona Babu Kiwanja akiwa hai ilikuwa mchana, wakati dereva anakimbia. Baada ya hapo hakumwona tena mpaka alipomkuta amekuwa baridi.

Sajini alianzia mahabusu. Dereva alikuwa amekaa ukutani, magoti kifuani.

"Koleo ni lako?"

"Nimeshasema ni langu."

"Uliliacha wapi?"

"Kwenye tingatinga. Mama, watu walikuwa na mawe. Ningerudi kufuata koleo?"

"Na usiku?"

"Nilikuwa kwangu. Shahidi wangu mke wangu, na wameshaniambia mke si shahidi."

"Mzee alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilimwambia, babu, ondoka, mimi nimetumwa tu. Akanijibu palepale chini alipolala, 'Hata chawa hutumwa na njaa.'" Dereva akatazama kucha zake. "Haki ya Mungu, nilicheka. Nilikuwa juu ya tingatinga nacheka."

Sajini hakuandika kitu. Akamwacha.

*

Kiwanja kilikuwa kimekwanguliwa upande mmoja tu, udongo mwekundu, na upande wa pili nyasi zilisimama kama kawaida. Tingatinga lilikuwa bado pale lilipoachwa, na mama mmoja alikuwa ameanika mashuka juu yake. Mpima ardhi, mtu mwembamba wa kofia pana, alikuwa amefika kabla yake. Sajini alikuwa amemwomba aje, si kupima, aje kuangalia tu.

Kabla hawajafika kwenye shimo, Asali aliwakuta. Shati lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono inakata.

"Bi Taratibu! Mama yetu. Umekuja kunifunga au kununua kiwanja?"

"Kipi?"

"Chochote utakacho. Isipokuwa hiki. Hiki kina nuksi."

"Juzi ulisema ni chako."

"Juzi nilikuwa na marafiki." Akatabasamu, kisha tabasamu likamchoka usoni. "Mama, tuseme mimi ni mwizi. Mtaa unasema, na mdomo wa watu haufungwi kwa kamba. Lakini wewe umeona wapi mwizi wa kitanda akaiba tendegu moja?"

"Endelea."

"Ningetaka kufuta mpaka ningeng'oa mawe yote, nikalima na mchicha juu yake. Jiwe moja la nini? La kusagia pilipili?"

"Usiku ule ulikuwa wapi?"

"Kituo chenu cha kule mjini. Wanakamati walinishitaki jioni ile ile, nikalala kwenye sakafu yenu mpaka asubuhi. Kunguni wenu wanaweza kutoa ushahidi."

Sajini alipiga simu palepale, akasikiliza, akakata. Ilikuwa kweli. Asali alikuwa ndani usiku kucha. Angeweza kumtuma mtu, ndiyo, ila hoja ya tendegu ilibaki imesimama.

"Nenda," alimwambia. "Usisafiri."

"Nisafiri niende wapi, mama? Mimi maisha yangu ni kona za watu."

Shimo la pembe ya nne lilikuwa karibu na uzio wa nyuma wa nyumba moja yenye ukuta wa matofali. Sajini alichuchumaa, akalitazama bila kuligusa. Mpima naye akachuchumaa ng'ambo.

"Jiwe lenyewe lina ukubwa gani?"

"Nguzo fupi ya zege, mtu mzima anaibeba akijikaza. Juu ina chuma, chuma kina namba." Mpima akakunja uso. "Lakini hapa pana jambo."

"Jambo gani?"

"Jiwe la mpaka halipandwi kama muhogo, mama. Tunachimba, tunamwaga zege chini, nguzo inasimama juu ya kitako chake. Ukiling'oa kwa nguvu linakatika, kitako kinabaki ardhini. Njoo uone."

Akampeleka pembe nyingine, akafukua kidogo kandokando ya jiwe lililosalia. Kweli, chini yake palikuwa na zege pana kama sinia. Wakarudi kwenye shimo. Sajini akashusha mkono, akapapasa. Udongo pande zote, na udongo chini. Vidole vikakuta kitu laini. Akakivuta: kipande cha ndala ya plastiki, ya mtoto, rangi imeshapauka.

"Hii ilikuwa chini ya jiwe," alisema.

"Ndiyo."

"Mlipopanda mawe, palikuwa na watu hapa?"

"Watu? Palikuwa na kanga na siafu."

"Basi ndala imetoka wapi?"

Sajini akaifunga ndala kwenye karatasi. Jiwe lililong'olewa usiku ule halikuwa mahali pake. Lilipandwa pale baadaye, na mikono isiyo ya wapima, wakati watoto wa mtaa walikwishaanza kupoteza ndala.

"Yale matatu yako sawa?"

"Matatu hayajaguswa."

"Kwa matatu unaweza kuniambia la nne lilikuwa wapi?"

"Hata ukinifunga macho." Akatoa mchoro wake, akasimamisha fimbo zake, akavuta kamba toka jiwe hadi jiwe, akachungulia kwenye kile chombo chake chenye jicho. Alirudia. Kisha akaivua ile kofia pana, akajipepea.

"Kamba inagonga ukuta," alisema. "Pembe ya nne iko ndani ya ule ua."

"Wa nani ule?"

Mpima hakujua. Sajini alijua. Alikwishakunywa maji ndani ya ua ule, asubuhi mwili ulipookotwa. Ulikuwa ua wa mwenyekiti.

*

Nyumba ya pili kutoka pale ilikuwa ya fundi cherehani, mama wa makamo mwenye tepu shingoni, ambaye hakusimamisha mashine yake kwa ajili ya serikali.

"Karibu, sajini. Ukae hapo juu ya vitambaa, ni safi. Mmemnyonga yule dereva au bado?"

"Bado."

"Mtoto wa watu. Ana macho ya kondoo. Lakini na kondoo naye akipanda tingatinga!"

"Dada, nikuulize jambo la zamani. Jiwe lile la pembeni, liliwahi kuhamishwa?"

Mashine ikaendelea kidogo, ikapungua, ikanyamaza.

"Lile jiwe," fundi akasema, na akacheka. "Unanikumbusha mbali. Wakati ule tulikuwa hatujavuta maji majumbani. Bomba lilikuwa moja, na njia ya bomba ilipita pale pale kwenye jiwe. Lilikuwa linatuvunja vidole! Mimi mwenyewe nilianguka na ndoo, nikalala chini nimelowa kama kifaranga. Ndipo wanaume wakasema, aa, wanawake wataisha. Siku ya usafi wa mtaa wakalikata na sururu, wakalisogeza."

"Wakalisogeza wapi?"

"Ndani kidogo, kwenye nyasi za kiwanja. Pale lilipokuwa mpaka juzi. Ulikuwa wema tu, sajini. Hakuna aliyewaza mpaka."

"Nani walikuwepo?"

"Sote tulikuwepo. Babu Kiwanja ndiye aliyeshika sururu. Mwenyekiti alikuwa hajajenga, alikuwa bado kazini, anakuja likizo tu."

"Alipojenga alipima kutokea wapi?"

Fundi akafungua mdomo. Kisha akaushika kwa mkono wenye tepu.

"Kutokea kwenye jiwe," alisema taratibu. "Sote upande huu tulipima kutokea kwenye jiwe." Akageuka akautazama ukuta wake wa nyuma, na banda lake la kuku lililouegemea, kana kwamba vimeingia kiwanjani muda ule ule. "Yesu wangu. Sisi ndio tumekula zahanati?"

Sajini alijipangusa nyuzi za vitambaa. Alishukuru, akainuka. Mashine haikusikika tena nyuma yake.

*

Mlango wa mwenyekiti, Sajini na mpima walipobisha, ulifunguliwa na binti yake, mjamzito wa miezi ya mwisho, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa amerudi kwa baba yake tangu ndoa ilipovunjika, akapewa vyumba viwili vya uani.

"Karibuni. Baba amekwenda kununua sukari, anarudi sasa hivi. Mtakaa ndani au uani kwenye upepo?"

"Uani," alisema Sajini.

Ua ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio bado ipo. Vyumba viwili upande mmoja, jiko dogo katikati, na pipa la maji kando ya jiko. Mpima akatoa chuma chake chembamba cha kupekulia udongo, akasimama amekishika kama mgeni aliyeshika mwavuli.

"Pole na msiba wa jirani," Sajini alisema.

"Tumeshapoa, mama. Babu yule nilimzoea. Tena jioni ile ile alikuwa hapa."

"Jioni gani?"

"Ile ya tingatinga. Alikuja akaingia jikoni kwangu na fimbo yake, anagongagonga sakafu, ngo, ngo, ngo. Nikamwambia, babu, unatafuta panya? Akasema, 'Natafuta kitu nilichokizika mimi mwenyewe.' Nikacheka. Halafu baba akatoka chumbani wakaongea pale, wakatoka pamoja."

"Kwenda wapi?"

"Kuangalia kiwanja. Si ndiyo kazi yao hao wawili?" Akatabasamu, kisha akaona hakuna anayetabasamu naye.

Sajini akamwelekeza mpima kwa kidevu. Mpima akaenda pembeni mwa mlango wa jiko, pale sakafu ilipoishia, akakidunga chuma kimshazari kuelekea chini ya jiko. Kikazama laini. Akasogea, akadunga tena, kikazama. Mara ya tatu kilisimama, na mlio wake ulisikika wazi, mkavu.

"Kitako," alisema.

Kisha macho yake yakaenda kwenye pipa. Lilikaa juu ya matofali ya kawaida, ila upande wa nyuma, ukutani, liliegemea kitu kingine kilichovikwa gunia. Mpima akapiga magoti, akaliinua gunia. Nguzo fupi ya zege, imelazwa ubavu. Juu yake chuma. Juu ya chuma namba.

"Pipa aliliinua nani?" Sajini aliuliza.

"Baba," binti akajibu. "Jana asubuhi. Alisema chini linaoza." Mkono wake ulitoka kiunoni ukashika ukuta. "Mama, kwa nini?"

Mlango wa mbele ulifunguka. Mwenyekiti aliingia na sukari kwenye mfuko, akawaona walivyosimama, akaiona na nguzo. Hakukimbia, hakupiga kelele. Aliweka mfuko juu ya kigoda kwa uangalifu usimwagike.

"Shikamoo," mpima alijikuta amesema, kwa mazoea.

"Marahaba." Akamgeukia binti yake. "Ingia ndani, mama."

"Baba, wanasema..."

"Ingia ndani."

Binti hakuingia.

"Uliandika kwamba hukumwona baada ya mchana," alisema Sajini.

"Niliandika."

"Alikuja kukuambia nini?"

Mwenyekiti alikaa kwenye kizingiti. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma barua isiyomhusu.

"Alisema amekumbuka jiwe. Baada ya kulala mbele ya lile dude ndipo akakumbuka. Alisema wapima wanakuja kesho, watapima, wataona, na jiko hili na vyumba hivi vitavunjwa. Alikuja kunipa pole mapema."

"Na wewe?"

"Nilimwambia anyamaze. Alisema atawanyamazia wote isipokuwa mpima. Tukatoka, tukaenda kwenye jiwe. Nikamwambia tuling'oe, watu watasema ni Asali, kesi itaingia mahakamani, na kesi ya ardhi hukaa huko mpaka wajukuu waote mvi. Nyumba itabaki. Akasema, 'Mwenyekiti, vunja mwenyewe, watu watakuheshimu.' Nilikuwa nimeshakwenda kwenye tingatinga nikachukua koleo la kuchimbia. Alisimama juu ya jiwe akakataa kushuka."

Kuku wa jirani alilia ng'ambo ya ukuta.

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Sijui. Sikuwa na hasira naye, sajini. Hilo ndilo silielewi." Akatazama mikono yake. "Koleo lilikuwa tu la karibu. Ni asubuhi ndipo nilipoona limenisaidia."

"Zahanati uliidai wewe."

"Mke wangu alifia njiani, kwenye gari la kukodi, hospitali iko mbali. Nilisema hatakufa mwingine hivyo." Hakumwangalia binti yake wala tumbo lake. "Sasa itajengwa?"

"Itajengwa."

"Basi," alisema, na akanyoosha mikono kabla hajaambiwa.

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mapya akiwa amesimama, akayasoma tena amekaa. Alitia sahihi. Hakusema neno la kuku wala la meno.

Sajini alikwenda mwenyewe kufungua mahabusu. Dereva alikuwa vile vile, magoti kifuani.

"Inuka. Mkeo yuko nje."

"Napelekwa mahakamani?"

"Unakwenda kwako. Amepatikana."

"Nani?"

"Mwenyekiti wa mtaa."

Dereva alishusha magoti. Kisha akauliza, kama anayeulizia njia, "Yule mzee wa miwani? Anayeongea polepole?"

"Huyo."

"Alikuja hapa jana kunitazama. Aliniletea chai kwenye chupa. Alinimiminia yeye mwenyewe, akanishika mkono kupitia hizi nondo. Akaniambia, 'Mwanangu, kiri tu, Mungu anasamehe.'" Dereva akaziangalia zile nondo. "Mama, nilikuwa nimeshaamua. Leo nikifika mbele ya hakimu, nikiri."

Sajini alishikilia mlango wazi. Nje, kwenye benchi, mtoto alikuwa ameamka na anaita kitu ambacho bado hakijawa neno. Dereva alimsikia. Aliendelea kukaa pale chini, mlango uko wazi, akitafuta kiatu chake cha pili kwa mkono, bila kuangalia.